Bonney: Daktari aliyekataa kizazi king'olewe

Shangazi yangu mmoja aliolewa Masama, na kwa miaka mingi nyumba yake ndiyo iliyokuwa kituo chetu cha likizo. Unashuka Kwa Sadala na begi lako, unapanda gari la kwenda juu, na kabla hujafika unaanza kusikia ubaridi wa migomba. Nyumba ile ilikuwa na kila kitu ila mtoto. Sisi watoto wa ndugu zake ndio tuliopokezana kuijaza. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kuwa Mwenyezi Mungu hakumjaalia, nasi tukaridhika na jibu hilo.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponiketisha akanieleza mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 29 alipopelekwa hospitali kwa sababu ya kutokwa na damu nyingi kila mwezi. Akalazwa, akapewa nusukaputi, na alipozinduka akaambiwa uvimbe umetolewa. Siku ya kutoa nyuzi ndipo alipojua kwamba uvimbe ulitolewa pamoja na kizazi chenyewe. Karatasi alikuwa ameisaini mumewe, na mumewe naye alielezwa kwamba bila hivyo mke atakufa kwa kupoteza damu. Mwaka uliofuata mume alioa mke wa pili. Shangazi hakuachwa, lakini kila aliyewahi kuona nyumba ya namna hiyo anajua maisha yake yanakuwaje.

Sitaji hospitali wala daktari, kwa sababu sina hakika kwamba alikosea. Yawezekana kabisa alisema kweli. Ninachotaka tukizungumze ni hilo neno "damu", kwani kwa zaidi ya miaka mia moja ndilo lililotumika kuamua nani abaki na kizazi chake na nani asibaki nacho. Na alikuwepo mtu mmoja aliyeutumia umri wake wote kulipunguzia neno hilo nguvu. Huyo ndiye ninayetaka kumweleza leo.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Uvimbe huu, ambao madaktari huuita faibroidi, ni fundo la nyama linaloota katika msuli wa kizazi. Si saratani. Unaweza kuwa mmoja mdogo kama punje ya mahindi, au ikawa mingi, mingine mikubwa kuliko embe. Wapo wanawake wanaoishi nao mpaka uzeeni bila kujua, na wapo ambao huwatoa damu mpaka wanapauka, huwapa maumivu, au huwazuia kushika mimba. Utafiti uliofanywa Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya wanawake 80 weusi katika kila 100 wanakuwa nao, na weupe takribani 70. Kwa hiyo dada aliyeambiwa ana uvimbe asidhani amerogwa peke yake.

Sasa hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu wa kawaida hudhani kutoa uvimbe ni kazi ndogo na kung'oa kizazi ni kazi kubwa. Kwa upande wa damu mambo ni kinyume chake. Kizazi hulishwa na mishipa minne mikubwa, miwili inayopanda kutoka mbavuni mwake kwa chini na miwili inayokuja kwa juu, upande wa vifuko vya mayai. Mpasuaji anayeng'oa kizazi huifunga mishipa hiyo, anakata, na mchezo umekwisha. Lakini anayetaka kukibakisha lazima akipasue kikiwa hai, kikiwa kimejaa damu, auchokoe uvimbe mmoja baada ya mwingine, na kila shimo analoliacha ni kisima. Ndiyo maana madaktari wa zamani, wasiokuwa na chupa ya damu ya kumwongezea mgonjwa, walichagua njia ya kung'oa. Mwanamke alibaki hai, na daktari alilala usingizi.

Ndugu wawili wa familia ya Atlee huko Pennsylvania, Marekani, walikwishathubutu kutoa uvimbe kwa kupasua tumbo katika miaka ya 1840. Wengi waliowafuata waliogopa, na hofu yao ilikuwa na sababu.

Victor Bonney alizaliwa Chelsea, London, Desemba 1872, baba yake akiwa daktari. Alisoma udaktari katika hospitali ya Middlesex ya jijini humo, akafaulu mwaka 1896, na katika hospitali hiyo na ile ya wanawake ya Chelsea ndiko alikofanyia sehemu kubwa ya kazi yake. Kwa mwanzo huo alikuwa kijana wa tabaka lake kama wengine, mwenye bidii na mikono myepesi. Mwaka 1911 yeye na mkubwa wake, Comyns Berkeley, walitoa kitabu cha upasuaji wa magonjwa ya wanawake ambacho kiliendelea kuchapishwa upya hata baada ya wote wawili kufariki.

Lakini kilichomtofautisha na wenzake kilitokea nyumbani kwake. Mwaka 1905 alimuoa Annie Appleyard, binti wa daktari wa Tasmania. Haukupita muda mrefu Annie akasumbuliwa na damu ya faibroidi, na dawa aliyopewa ilikuwa ile ile iliyokuwa ikitolewa kwa kila mwanamke wa wakati ule: aling'olewa kizazi. Hawakupata mtoto. Hebu msomaji uifikirie hali ya mume huyo. Yeye ni mpasuaji wa magonjwa ya wanawake, kila siku anashika visu, na elimu yake yote pamoja na ya wakubwa zake haikuweza kumwachia mkewe mwenyewe kizazi. Waliomwandikia historia wanakubaliana kwamba jeraha hilo ndilo lililompa kazi ya maisha.

Wanaume wa namna mbili hutokea katika msiba kama huo. Yupo anayemtazama mke kama kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Na yupo anayeutazama ugonjwa. Bonney alikuwa wa pili.

Kabla sijaendelea na yeye, nisieleweke vibaya nikaonekana kusema kwamba elimu ya kuzuia damu ilizaliwa London. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu chake Tasrif katika juzuu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo alieleza kuifunga kwa uzi mishipa inayovuja na kuichoma kwa chuma cha moto, na alieleza pia kushona kwa uzi wa utumbo wa mnyama, ambao mwili wenyewe huuyeyusha. Wapasuaji wa Ulaya walimsoma kwa karne kadhaa.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki liko tukio ambalo nashangaa kwa nini halifundishwi mashuleni. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia huko Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke tumbo na kizazi ili kumtoa mtoto. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe ya ndizi. (Jirani zetu wa Kilimanjaro wenye mbege wasije wakaifanya hiyo kuwa fatwa.) Sehemu zilizovuja damu alizigusa kwa chuma chekundu, taratibu na kwa uangalifu, kisha akakikamua kizazi kwa mkono mpaka kikajikunja, akalifunga tumbo kwa pini za chuma na kamba. Mama na mtoto wote walipona. Wakati huo, katika hospitali nyingi za Ulaya, mwanamke aliyepasuliwa hivyo alikuwa na nafasi kubwa ya kufa kuliko kuishi. Mganga yule alijua jambo ambalo ndilo msingi wa mazungumzo yetu: msuli wa kizazi ukijikunja huibana mishipa yake wenyewe, na damu husimama.

Turudi kwa Bonney. Alichokifanya, ukikieleza, kinaonekana kidogo mno. Katika miaka ya 1920 alibuni kibanio, koleo lenye midomo iliyotengenezwa makusudi kukumbatia sehemu ya chini ya kizazi, juu kidogo ya shingo yake. Kikifungwa, kinaibana mishipa miwili ya chini kwa pamoja bila kuikata wala kuiponda, na kinashika pia kano za pembeni ili kisiteleze. Mishipa ya juu aliibana kwa vibanio vingine vidogo. Kizazi kilichokuwa chekundu kinapauka mbele ya macho ya mpasuaji. Kuanzia hapo hafanyi kazi gizani ndani ya dimbwi. Anaona anachokata, anauona mpaka kati ya uvimbe na nyama nzima, na anauchomoa kama kiini cha parachichi.

Damu iliyobanwa, hata hivyo, hurudi. Kibanio kikishafunguliwa, kila shimo lililoachwa wazi litajaa, na mgonjwa atavujia ndani usiku watu wakiwa wamelala. Hapo ndipo Bonney alipokuwa mkali kuliko wote. Alitaka kila shimo lizibwe kwa kushonwa tabaka juu ya tabaka kuanzia chini, pasibaki uwazi hata kidogo, na ndipo kibanio kilegezwe na daktari atazame. Alipendelea pia kupasua mahali pamoja tu, upande wa mbele, na kupitia mlango huo kuufikia uvimbe wote unaofikika, kwa sababu kovu la nyuma ya kizazi hugandana na utumbo na mirija, na mwanamke aliyebakishiwa kizazi lakini mirija ikaziba atakuwa amedanganywa. Uvimbe ukiwa nyuma kabisa alikuwa na njia ya kupasua kwa juu, kisha kuivuta nyama iliyobaki ije mbele na kuishona pale, kama mwanamke anavyovuta mtandio. Hivyo kovu lilibaki mbele, mbali na utumbo.

Mwanamke mmoja alimtoa uvimbe zaidi ya 200 katika kizazi kimoja, na kizazi chenyewe akakibakisha.

Si wote waliompigia makofi. Hoja za wapinzani wake zilikuwa tatu, na tuwe waadilifu, hazikuwa za kijinga. Kwamba uvimbe hurudi. Kwamba ni hatari kuuweka rehani uhai wa mgonjwa kwa ajili ya kiungo anachoweza kuishi bila ya kuwa nacho. Na kwamba wengi wa wanawake hao hata wakibakishiwa hawatazaa. Bonney alishikilia kwamba kazi ya mpasuaji ni kuponya bila kuharibu, na kwamba kumnyang'anya mwanamke kijana kiungo kizima kwa sababu ya uvimbe usio saratani ni upungufu wa mpasuaji mwenyewe. Kisha akajibu kwa hesabu. Mwaka 1946, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alitoa kitabu kinachohusu upasuaji huo, hatua kwa hatua. Humo alionyesha kwamba katika wanawake zaidi ya 800 aliowapasua, waliokufa walikuwa kiasi cha mmoja katika kila mia. Tukumbuke kwamba benki za damu zilianza kuenea miaka ya 1930 tu, na penisilini ilikuja baadaye kidogo. Sehemu kubwa ya kazi ile aliifanya bila ya kimoja wala kingine.

Wala asidhaniwe kuwa alikuwa daktari mwoga wa kukata. Katika saratani ya shingo ya kizazi huyu huyu alikuwa miongoni mwa wapasuaji wakali kabisa wa zama zake. Alifanya upasuaji 500 wa kuondoa kizazi pamoja na nyama na tezi za pembeni, kazi nzito ambayo wengi waliikimbia, na vifo vyake aliviandika hadharani. Penye saratani hakuonea huruma kiungo. Penye uvimbe alikionea. Kuyajua mahali pake mambo hayo mawili ndiyo hekima, na nadhani wapo madaktari ambao hadi leo wana nusu moja tu.

Lipo jambo lingine lake ambalo msomaji amewahi kuligusa pasi na kujua. Mwaka 1918, yeye na mwenzake Browning walitangaza mchanganyiko wa rangi mbili, ya zambarau na ya kijani, wa kupaka ngozi na sehemu nyingine kabla ya kupasua ili kuua vijidudu. Ile ya zambarau ni ndugu wa damu wa GV tuliyopakwa sote mdomoni tulipokuwa watoto.

Alikuwa pia mbishi. Wenzake walipoanzisha chuo chao cha wakunga na madaktari wa wanawake mwaka 1929 alikataa kujiunga, akisema mahali pa fani hii ni miongoni mwa wapasuaji. Waliishia kumpa uanachama wa heshima mwaka 1946. Alifariki Julai 1953, akiwa na umri wa miaka 80.

Leo kibanio chake chenyewe hakionekani sana katika vyumba vya upasuaji, lakini fikra yake imebaki, na imekuwa rahisi. Wapasuaji wengi hufunga mpira, hata ule wa kutolea mkojo, kuzunguka shingo ya kizazi kwa muda wa kazi, kisha huufungua. Ipo dawa ya kusinyaza mishipa inayodungwa katika nyama ya kizazi. Ipo misoprosto, ile ile ya kuzuia damu baada ya kujifungua, ambayo hukifanya kizazi kijikunje. Ipo dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Madaktari kutoka Kameruni walikusanya tafiti za njia hizi, wakatoa mapitio yao mara ya kwanza mwaka 2007 na kuyahuisha mwaka 2014, na wakaona kwamba kadhaa kati ya hizo, ukiwemo mpira, hupunguza damu inayopotea. Msomaji azingatie kwamba mpira na misoprosto si vitu vya matajiri.

Na kazi haianzii mezani. Mwanamke anayevuja damu kila mwezi huingia chumba cha upasuaji akiwa tayari amepungukiwa. Akipimwa wiki kadhaa kabla, akapewa vidonge vya madini ya chuma mpaka damu ipande, anakuwa na akiba. Wapo wanaopewa sindano ya mwezi kwa mwezi ya kusimamisha hedhi na kuunywesha uvimbe. Na ndugu wakienda kutoa damu mapema, daktari hafanyi kazi akiwa ameutazama mlango. Hapa nawasema wanaume wa ukoo: tunakuwa kumi pale nje ya wodi tukisubiri habari, na ikitakiwa chupa moja tunatazamana.

Ukweli mwingine usifichwe. Zipo hali ambazo kung'oa ndiyo matibabu sahihi: saratani, damu iliyokataa kusimama, au mwanamke aliyekwisha maliza kuzaa na amechagua hivyo mwenyewe. Uvimbe ukitolewa peke yake unaweza kuota mwingine. Na aliyepasuliwa kizazi akipata mimba lazima aeleze kliniki mapema, kwani huenda akahitaji kujifungua kwa upasuaji ili kovu lisipasuke. Haya yote mwanamke anaweza kuelezwa na akayaelewa. Anaweza kuuliza kabla ya kusaini: je, katika hali yangu kizazi kinaweza kubaki? Mtazuiaje damu? Ni jambo gani likitokea ndipo mtaking'oa? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Mtu wa Masama leo anashuka Moshi na kurudi siku hiyo hiyo, na hospitali ya rufaa ya KCMC iko pale chini ya mlima tangu mwaka 1971. Bado wapo wanaozunguka na mizizi na vikombe miaka mitatu, minne, mpaka uvimbe unafika kitovuni, kwa sababu walimwona mtu kama shangazi yangu akirudi mtupu. Kwa kuchelewa huko wanaifanya kazi iwe ngumu zaidi, na kile walichokiogopa ndicho kinachowakuta.

Shangazi ni mzee sasa. Safari ya mwisho nilipokwenda nilimsimulia habari za Bonney, jioni, tukiwa tunamenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Habari za kibanio na nyuzi hazikumgusa sana. Aliuliza jambo moja tu, kama yule Mwingereza alioa mke mwingine. Nikamwambia hapana. Akaiweka ndizi aliyoimaliza ndani ya sufuria, akachukua nyingine.